Ubavu wa Kushoto, Ubavu wa Kulia

Gari la marehemu baba yao lilikuwa na wenyewe wawili, na mpaka ulipita katikati ya boneti. Ubavu wa kushoto ulikuwa wa Saruji, ubavu wa kulia wa Kitinda. Mpaka huo aliuweka mzee mwenyewe enzi za uhai wake, wanawe wangali watoto wa kugombania ndoo na tambara. Kila akilitoa gari uani aliwapanga: "Mkubwa huku, mdogo kule, na nisisikie kelele." Wakaosha hivyo, wakakua hivyo, na walipofika umri wa kushika spana wakatengeneza hivyo hivyo, kila mtu na ubavu wake, baba yao akiwa amelala chini katikati, miguu imetokeza nje, akiuliza huku na huku nani kamaliza na nani bado. Fundi wa gereji hakuwahi kuligusa gari lile. "Gari la nyumbani linatengenezwa nyumbani," mzee alikuwa akisema, na nadhani alijivunia maneno hayo kuliko gari lenyewe.

Sasa mzee alikuwa kaburini mwaka wa tatu, na wanawe hawasemeshani.

Ugomvi wenyewe, ukiusikia utasonya. Kaka mtu ni fundi mwashi, na jina la Saruji lilimganda kwa sababu hata harusini huzungumzia saruji. Mdogo mtu, kitinda mimba wa nyumba ile, ni fundi wa makochi. Siku mzee alipokata roho hospitalini, Saruji alikuwa kando ya kitanda, naye Kitinda alikuwa anapeleka makochi kwa mteja, simu imezima. Alipofika mbio mbio, jasho linamtoka, kaka yake alimtazama mbele ya shangazi zao na majirani akamwambia, "Umekuja kumpima kochi?" Kitinda, jazba ikampanda, akamjibu kwamba afadhali yeye, kuliko mtu aliyeagiza matofali ya kaburi baba yake angali anapumua. La makochi lilikuwa kweli, na la matofali lilikuwa kweli. Tangu hapo kila mmoja akala yamini kwamba mwenzake ndiye atakayeanza.

Na mama yao je? Mama yao akawa ndiyo simu. "Mama, mwambie mwanao pikipiki yake imeziba mlango." "Mama, mwambie huyo mwanao mwingine pikipiki ina magurudumu, aisukume." Wamesimama hatua mbili, wanatazamana! Majirani walicheka mpaka wakachoka kucheka. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wahenga walisema, basi watu wakashika majembe yao, wakawaacha.

Ndipo habari ikaja kwamba Mama Mkubwa amepigwa na kiharusi.

Huyu Mama Mkubwa alikuwa dada wa pekee wa mama yao, na ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki. Alikuwa akiishi mji mwingine, safari ya nusu siku, na sehemu kubwa ya njia ni vumbi na makorongo. Upande mmoja wa mwili ulikuwa umekufa, na kauli ilikuwa imekwenda. Mama alipiga simu, binti wa mgonjwa akamwekea mama yake sikioni, na Mama akazungumza weee, akiuliza, akijijibu mwenyewe, na upande wa pili kukasikika pumzi tu.

"Kwa simu haitoshi," alimwambia Kitinda, aliyekuwa amekuja kumletea dawa. "Lazima anione. Niende kabla hajaenda."

Lakini Mama mwenyewe alikuwa na mgongo mbovu. Pingili za kiunoni zilikuwa zimesagika, na akipanda chombo kinachorukaruka maumivu yalimshuka hadi kisigino, akawa hawezi hata kuvaa kiatu. Basi la abiria lilikuwa nje ya mazungumzo. Gari la mzee nalo lilikuwa limekaa muda mrefu uani, shokapu za nyuma zimekufa. Shokapu, ule mtungi mrefu unaolizuia gari lisidundedunde, ikishakufa kila shimo unalihesabu kwa meno.

Jirani yao wa ukuta kwa ukuta, Nesi, aliposikia hakungoja kuombwa. "Mama, Jumamosi hii siko zamu. Gari langu laini, na mimi mwenyewe nipo njiani na wewe, maumivu yakija nakupa dawa. Tunaondoka alfajiri."

"Nashukuru, mwanangu," Mama akasema. "Ila nitapelekwa na wanangu. Wote wawili, kwa gari la baba yao."

"Mama, mgonjwa hasubiri gari litengenezwe."

"Dada yangu atanisubiri. Jumamosi ya juu yake nitakuwa kwake."

Kitinda alikuwepo pale mlangoni akiyasikia yote, na nisikufiche, moyo wake ulifurahi. Alijiona mwana wa maana. Hakujiuliza kwa nini mwanamke mwenye mgongo ule akatae gari zima aliloletewa mlangoni, achague bovu.

Basi wakagawana kazi, kupitia kwa Mama bila shaka. Kitinda angekuja Jumamosi kutengeneza ubavu wake. Saruji angekuja Jumapili kutengeneza wake. Hapana haja ya kuonana.

Kitinda akaenda kwenye duka la vipuri. Muuzaji alikuwa mtu wa maneno mengi, akamtolea shokapu mbili na springi mbili juu ya meza.

"Moja moja tu," Kitinda akasema. "Za kulia. Na springi iwe laini, nampakia mgonjwa."

Muuzaji akacheka. "Bwana mkubwa, hizi ni kama viatu. Umeona nani ananunua kimoja?"

"Cha pili ana mwenyewe."

"Haya, mguu wako, kiatu chako," muuzaji akasema, akafunga kimoja kwenye gazeti.

Jumamosi ile Kitinda alifanya kazi kwa moyo wote. Aliweka vigogo mbele ya magurudumu, akapandisha jeki, akaweka na stendi chini kwa sababu mzee aliwafundisha kutoiamini jeki hata siku moja. Nati zilikuwa zimeshika kutu. Alizimwagia mafuta, akangoja, akachomeka bomba la chuma kwenye mpini wa spana kuongeza nguvu, akaning'inia nalo mpaka nati ikalia na kukubali. Kutu ilimwingia machoni. Alitoa shokapu ya zamani, akaibonyeza kwa kiganja, ikazama bila ubishi na haikurudi. Akaushusha mkono wa chuma unaoshika gurudumu taratibu mpaka springi ikalegea, akaitoa, akaweka ile laini. Kisha, gari likiwa bado juu, gurudumu linaning'inia, akakaza kila bolti mpaka mwisho. Wakati wote alikuwa anamwaza mama yake. Alitaka akae kama amekaa kwenye kochi zuri kuliko yote aliyowahi kushona, asisikie hata kokoto. Tena alimpenda mama yake, hilo usilitilie shaka.

Aliposhusha gari akabonyeza kona yake, ikazama, ikapanda. Raha tupu. Mama alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu.

"Mbona limeinama huku?" akauliza.

"Ubavu wangu uko sawa, Mama. Ule mwingine mwulize mwanao."

Jumapili akaja Saruji. Kitinda hakuwepo, lakini baadaye aliyasikia na hata angeweza kuyabuni, maana anamjua kaka yake. Saruji yeye alinunua springi nene ya magari ya mizigo na shokapu ngumu kama nguzo. Hoja yake ni kwamba kitu laini huzama, na mama yake asizame kwenye shimo hata moja. Akafunga, akakaza gari likiwa juu, akashusha. Ubavu wa kushoto ukasimama wima kama askari, wa kulia ukalala. Mama akauliza tena mbona limezidi kuinama. "Ubavu wangu uko sawa, Mama," Saruji akasema. "Mwulize huyo mshona mito."

Ukaidi huo, jamani! Watu wazima, wana wake zao na watoto wao, gari limelala upande kama bata mwenye kidonda, na kila mmoja anajisifu.

Jumamosi ya safari ikafika. Binti wa Mama Mkubwa alikwisha kupigiwa simu, kwamba tunakuja, mwambie mama. Saruji alikuwa ameweka mto kwenye kiti cha nyuma, upande wa kushoto. Kitinda naye alikuja na mto wake, wa sponji nzito, ameushona mwenyewe, akauweka upande wa kulia. Mama akachungulia ndani, akaitazama mito yote miwili. Kisha akaingia akakaa katikati, pale juu ya tuta la sakafu ya gari, mahali ambapo hapana kiti wala egemeo la maana na miguu haina pa kwenda.

"Mama, si ukae vizuri dirishani?" Kitinda akasema.

"Hapa napata upepo wa pande zote. Twendeni."

Kitinda ndiye aliyeshika usukani, Saruji kando yake. Kwenye lami mambo hayakuwa mabaya. Vumbi lilipoanza, gari likaonyesha ujinga wao wote. Ubavu wa kushoto ulikuwa unagonga, ngo, ngo, kila jiwe linafika hadi darini. Ubavu wa kulia ulikuwa unazama na kupanda, unazama na kupanda, hautulii. Kwa hiyo mtu wa nyuma alikuwa anapigwa huku na kutikiswa kule, kiuno kinasokotwa kama nguo inayokamuliwa.

"Mama, mwambie dereva ubavu wake unayumba kama mlevi."

"Mama, mwambie abiria ubavu wake ni ukuta. Akaujengee uzio."

"Liko safi, wanangu," Mama akasema. "Nimekaa kama niko kitandani kwangu."

Akacheka kidogo, na wao wakatabasamu, kila mmoja akichukua sifa upande wake. Kitinda alimtazama kwenye kioo, akaona amefumba macho, midomo inacheza. Akadhani anasali.

Walipofika kituo cha mafuta, kabla hata ya nusu ya njia, Mama akasema washuke wao, yeye hana haja. Kitinda akanunua maji, akaja kumfungulia mlango ampe. Ndipo alipoona. Mama yake alikuwa ameshika migongo ya viti vya mbele, mkono huu kiti cha huyu, mkono ule kiti cha yule, na vidole vilikuwa vimekakamaa, havifunguki. Gauni lilikuwa limelowa mgongoni. Ncha ya kitambaa cha kichwani alikuwa ameing'ata, na meno yalikuwa yameacha matundu.

"Mama! Mama, kwa nini husemi?"

"Niseme nini?"

"Si ungekaa pembeni, ukaegemea! Nani amekwambia ukae juu ya tuta?"

Mama akamtazama. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu.

"Nikikaa kushoto nimekaa kwa kaka yako," akasema. "Nikikaa kulia nimekaa kwako. Niambie, mwanangu, mimi nikae wapi?"

Saruji alikuwa amesimama upande wa pili wa gari, mlango wake umefunguliwa, na aliyasikia yote. Kitinda alivifungua vidole vya mama yake kimoja kimoja, akavisugua.

"Tuendelee," Mama akasema. "Dada ananisubiri."

Wakamlaza juu ya ile mito miwili, wakaendelea taratibu, mwendo wa kobe. Wakafika tuta la kwanza la barabarani. Kitinda alilipanda kwa uangalifu wote aliokuwa nao, na bado Mama akapiga ukelele. Hakuwahi kumsikia mama yake akitoa sauti ile, hata siku ya msiba wa baba. Kitinda akakanyaga breki.

"Geuza," Saruji akasema.

Hakusema "Mama, mwambie." Alimwambia yeye, usoni. Lilikuwa neno la kwanza kati yao tangu msibani, na Kitinda aligeuza gari huku machozi yanamtiririka, asijali nani anamwona.

Walipofika nyumbani, Nesi alimchoma Mama sindano, akamlaza, akatoka nje kuwakabili. Hakupandisha sauti, maana mgonjwa amelala, lakini aliwasema kimyakimya mpaka wakatamani apige kelele. Akawaambia mama yao hatoki kitandani mpaka yeye aseme, si kwa gari lao wala la mtu mwingine. "Niliomba kumpeleka," akasema. "Niliomba." Akaingia kwake akafunga mlango.

Jumatatu Kitinda hakufungua karakana yake. Alikwenda kwa mama yake asubuhi, na alipoingia uani akakuta gari liko juu ya stendi na miguu ya Saruji imetokeza upande wa kulia. Upande wake! Alisimama. Zamani damu ingemchemka. Safari hii alivua shati, akalitundika kwenye kamba ya nguo, akapiga magoti.

"Nipe spana ya kumi na saba," sauti ikatoka chini.

Kitinda akampa.

"Ya pete, sio hii."

Akampa nyingine.

"Umeikaza kama unafunga benki," Saruji akasema.

"Ya kwako utaifungua wewe? Nimeijaribu kwa macho tu, nikachoka."

Wakatoa springi zote mbili, ya mawe na ya sponji, wakazitupa kwenye kona ya ua. Wakaenda dukani pamoja kwa pikipiki, Kitinda amempakia kaka yake mzito mpaka gurudumu la nyuma linalalamika. Muuzaji akawatazama, mmoja mrefu mmoja mfupi, pua moja. "Leo viatu viwili?" akauliza. Saruji akasema viwili, vya saizi ya gari hilohilo, si vya lori wala vya kitanda. Muuzaji alitaka kuendelea na mzaha, akaziona nyuso zao, akaacha.

Kazi ilikwenda haraka. Ila ilipofika mwisho ikatakiwa mtu alale katikati, pale alipokuwa akilala mzee, ashike bolti za bushi, zile raba zinazounganisha mikono ya magurudumu na mwili wa gari.

"Ingia wewe," Saruji akasema. "Mimi tumbo hili litalinyanyua gari."

Kitinda akajisogeza kwa mgongo mpaka katikati. Kulikuwa na harufu ya grisi na udongo. Alishika spana akaanza kukaza, halafu akasita.

"Kaka."

"Eeh."

"Baba alikuwa anatuambia tushushe kwanza. Unakumbuka? 'Shusheni, nakuja.' Tulikuwa tunashusha gari, ndiyo anaingia tena huku chini."

Spana ya Saruji ikatua chini upande ule.

"Alikuwa anazikaza gari likiwa limesimama kwa uzito wake," Saruji akasema polepole. "Ukizikaza gari liko hewani, likishuka raba zinajisokota. Zinakuwa ngumu kama ubao, kisha zinachanika."

"Na sisi tulizikaza hewani. Wote wawili."

"Zamani sisi hatukuwahi kuzikaza, bwana. Alikuwa anakaza yeye."

Kitinda alilala pale chini asitoke. Alimkumbuka baba yake kwa namna ambayo hakuwahi kumkumbuka tangu amzike, si mzee wa kitandani hospitalini, bali ile miguu na ile sauti inayouliza huku na huku. Alilia, na Saruji alijua analia, akajifanya anatafuta kitu kwenye sanduku la spana.

Walishusha gari, Kitinda akajibana tena chini, akakaza huku kaka yake akimmulikia. Kisha wakasimama nyuma, kila mtu kona yake, wakabonyeza buti kwa pamoja. Gari likazama sawasawa, likapanda mara moja, likatulia. Wakabonyeza tena, likatulia tena. Wakacheka wenyewe kama watoto.

"Lile neno la kochi," Saruji akasema bila kumtazama.

"Na mimi la matofali."

"Basi."

"Basi, kaka."

Simu ikalia ndani. Waliisikia sauti ya mama yao ikisema eeh, eeh, saa ngapi, haya mwanangu. Kisha haikusikika tena. Walikimbilia mlangoni wote wawili, wakagongana mabega, wakamkuta amekaa kitandani, simu mapajani.

"Dada amekwenda," akasema.

Nesi alikataza, halafu alipomwona uso akaacha kukataza, akachukua mkoba wa dawa akapanda nao gari. Kesho yake wakaondoka kwenda kuzika. Sitakuambia mengi ya njiani. Gari lilipita juu ya makorongo yaleyale na mawe yaleyale, laini kabisa, sawa huku na kule, na Mama hakutoa sauti hata mara moja. Alikuwa haumii. Alitazama nje tu, na Kitinda alitamani agombe, apige kelele, aseme chochote.

Baada ya maziko, binti wa Mama Mkubwa alikaa na mama yake mdogo chumbani, na Kitinda alikuwa amesimama karibu na mlango, hana pa kuweka mikono yake.

"Ile Jumamosi mliposema mnakuja," binti akasema, "nilimwambia mama. Alielewa. Alinionyesha kwa mkono ule mzima kwamba nimtoe kitandani, nimkalishe dirishani, aione barabara. Gari likipita, ananyanyua mkono. Likipita jingine, ananyanyua. Jioni nikamwambia mama, simu imekuja, hawaji tena leo, imetokea hitilafu. Hakutaka kutoka pale. Jumapili akadai dirishani, na Jumatatu vilevile. Ni hapo hapo dirishani alipokata roho, mama mdogo."

Mama aliitikia kwa kichwa. Akauliza kiti chenyewe ni kipi, akaonyeshwa, akaenda akakishika mgongo wake. Kisha akatoka nje kwa mwendo wa kuburuta mguu, mpaka lilipokuwa gari, na wanawe wakamfuata.

Saruji ndiye aliyeanza, lile jitu zima, akapiga magoti vumbini. "Mama, tusamehe. Ni sisi. Kama tungekaa tukatengeneza pamoja mara ya kwanza..."

"Inuka," Mama akasema. "Utachafua suruali."

"Mama, tusamehe."

"Nesi alitaka kunileta. Ningefika, ningekaa naye juma zima. Nilikataa. Nilijiambia, dada atasubiri, maana maisha yake yote amenisubiri mimi, na hawa watoto sina njia nyingine ya kuwapandisha gari moja. Nikamtumia dada yangu kama kamba ya kuwafungia nyinyi." Alipumua, mkono kiunoni. "Na imefaulu. Si mnasemeshana? Nimewapata wanangu. Lakini nimemtoa dada yangu badala yenu, na sikuwa na haki ya kumtoa. Msiniombe msamaha leo. Sina. Nitafuteni siku nyingine."

Akageuka akarudi ndani kwa wanawake, na muda si mrefu wakaisikia sauti yake ikipanda juu ya sauti zote. Alikuwa hajalia tangu simu ile, na sasa alilia kama mtoto aliyeachwa, akiita dada, dada, dada.

Kitinda na kaka yake walibaki wamesimama kando ya gari, bega kwa bega. Waombolezaji walikuwa wakipita na kutoa pole. Mjomba wao mmoja, mzee mwema asiyejua jambo lolote, alisimama mbele yao, akawatazama wote wawili kwa furaha, akawashika mikono.

"Jamani, afadhali," akasema. "Katika huzuni yote hii, angalau nyinyi mmepatana. Mama yenu lazima moyo wake umetulia."

"Ndiyo, mjomba," Kitinda akasema.